KIAPO CHA MFALME, DHAMIRI YA RAIA



Kila utawala unaoiogopa haki huwa na neno moja unalolipenda kuliko mengine yote, nalo ni uhaini. Anayeuliza hesabu ya fedha za umma ni mhaini. Anayetaka chama cha pili ni mhaini. Padri anayesoma waraka wa maaskofu mimbarini ni mhaini aliyevaa kanzu. Nchi yetu ililisikia neno hilo asubuhi na jioni tangu kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba mwaka 1982 hadi kilipofutwa Desemba 1991, na hata baada ya hapo.

Lakini neno hilo halikuzaliwa Nairobi. Lilikuja na meli, limefungwa ndani ya vitabu vya sheria vya Mwingereza. Fungueni kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu tuliyorithi. Humo mnatajwa kosa la kuwazia kifo cha Rais, au kuwazia kumwondoa madarakani kwa njia isiyo halali. Kuwazia! Asili ya maneno hayo ni sheria ya uhaini ya Uingereza ya mwaka 1351, enzi ya Mfalme Edward wa Tatu. Mtu aweza kuhukumiwa kwa yaliyomo kichwani mwake, mradi mwendesha mashtaka adai kuwa ameyaona.

Twendeni basi kwenye chimbuko. Twendeni Uingereza ya karne ya 16 na ya 17, tuone sheria hiyo ilivyowatenda Wakatoliki chini ya watawala Waprotestanti, na Wakatoliki wenyewe walijibu nini. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili watawala wajue kwamba dola haijapata kununua utulivu kwa kuifunga dhamiri. Ya pili ni chungu zaidi, nayo yatuhusu sisi tunaojiita wapiganiaji wa mageuzi. Tutaifikia.

SHILINGI MOJA KWA JUMAPILI

Malkia Elizabeth wa Kwanza alitawazwa baada ya kifo cha dada yake mwaka 1558. Mwaka uliofuata Bunge lilimfanya kuwa Gavana Mkuu wa Kanisa la Uingereza, likawataka makasisi na maafisa wa serikali waape kuukubali ukuu huo, na likaamuru kila asiyehudhuria ibada ya Kanisa hilo atozwe faini ya peni 12, yaani shilingi moja, kwa kila Jumapili.

Hatuandiki haya ili kumpaka mtu matope. Dada huyo, Malkia Mary, alikuwa Mkatoliki, na kati ya mwaka 1555 na 1558 serikali yake iliwachoma moto Waprotestanti karibu 300. Waprotestanti walikuwa na sababu ya kuogopa. Kisha, Februari 1570, Papa Pius wa Tano akatoa waraka uliomtenga Elizabeth na Kanisa, ukamtangaza kuwa si malkia halali, na ukawaambia raia wake kwamba hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Kwa kalamu moja, Papa alimfanya kila Mkatoliki wa Uingereza aonekane askari wa adui. Aliyeulipia waraka huo si Papa aliyekuwa Roma. Aliyeulipia ni mkulima wa Lancashire ambaye hakupata kuuona.

Bunge lilijibu kwa sheria juu ya sheria. Mwaka 1581 faini ya kutokwenda kanisani ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi. Pigeni hesabu: kwa shilingi moja kila Jumapili, mtu alilipa shilingi 4 kwa mwezi, sasa alidaiwa shilingi 400, yaani mara mia. Mwaka 1585 ikatungwa sheria kwamba padri yeyote Mwingereza aliyepadrishwa ng'ambo tangu enzi ya Elizabeth ianze, akikutwa nchini, ni mhaini, na anayempa hifadhi atauawa. Wanasheria wenzetu wataona kilichotendeka hapo. Kosa halikuwa tena tendo. Kosa lilikuwa mtu mwenyewe, kuwepo kwake, mahali alipojifunzia sala zake.

Katika mji wa York aliishi mke wa muuza nyama, jina lake Margaret Clitherow. Alishtakiwa kwa kuwaficha mapadri nyumbani mwake. Alikataa kujibu shtaka, asije akasababisha kesi ambayo watoto wake wangelazimishwa kutoa ushahidi. Sheria ya wakati ule ilisema kwamba anayekataa kujibu alazwe chini, awekewe mlango juu yake, na mawe juu ya mlango. Ndivyo alivyouawa, tarehe 25 Machi 1586. Je, kiti cha Malkia kilikuwa imara zaidi kesho yake?

SWALI LISILO NA JIBU

Mwaka 1580 Mjesuiti Edmund Campion, msomi mashuhuri wa Oxford, aliingia nchini kwa siri. Alikamatwa mwaka uliofuata, akanyoshwa viungo kwenye mashine ya mateso, na alipoletwa katika ukumbi wa Westminster mwezi Novemba hakuweza hata kuuinua mkono wake ili kujibu mashtaka. Hakushtakiwa kwa kuadhimisha Misa. La hasha! Serikali ilijua kwamba kumuua mtu kwa sala zake ni aibu. Alishtakiwa chini ya ile sheria ya mwaka 1351, kwamba alikula njama ya kumwangusha Malkia. Alisema kwamba anamkubali Elizabeth kuwa Malkia wake. Haikumfaa kitu. Alinyongwa Tyburn, London, tarehe 1 Desemba 1581.

Wakatoliki waliokamatwa katika miaka ile waliulizwa swali moja ambalo historia imeliita swali la damu: Papa akituma jeshi kuivamia Uingereza, wewe utapigana upande gani? Litazameni vizuri. Halimuulizi mtu ametenda nini. Linamuuliza atatenda nini katika jambo ambalo halijatokea, na jibu lake liwe ushahidi dhidi yake. Akijibu "upande wa Malkia," ameikana dini yake. Akijibu "upande wa Papa," amejitia kitanzi. Akinyamaza, ukimya wake ni hatia. Swali la namna hiyo si la kutafuta ukweli bali ni mtego wenye umbo la swali.

Waziri mkuu wa mambo yote ya Malkia, William Cecil, Bwana Burghley, alichapisha kijitabu mwaka 1583 kudai kwamba hakuna aliyeuawa kwa ajili ya dini, bali wote waliuawa kwa uhaini. Mwaka 1584 William Allen, kiongozi wa Wakatoliki waliokuwa uhamishoni, alimjibu: mashahidi hawa wamekufa kwa imani, na uhaini wao ni jina tu lililobandikwa. Katika hilo Allen alikuwa na hoja nzito. Lakini Allen huyohuyo, akiisha kufanywa kardinali, aliunga mkono manowari za Hispania zilizokuja kuivamia nchi yake mwaka 1588. Hivyo akampa Burghley hoja aliyoikosa, naye akawaachia wenzake waliobaki nyumbani wailipie kwa shingo zao.

WALIOAPA NA BADO WAKANYONGWA

Ndipo wakatokea watu wa njia ya katikati, nao ndio hasa tunaotaka muwakumbuke. Tarehe 31 Januari 1603, mapadri 13 walitia sahihi tamko la kumtii Malkia. Walisema wazi kwamba katika mambo ya dunia wanamtambua na watamtetea, hata dhidi ya wavamizi wanaokuja kwa jina la dini. Ila katika mambo ya roho watabaki chini ya Papa. Walichora mpaka kati ya kodi na dhamiri, kati ya mwili wa raia na roho yake. Serikali yenye akili ingewakumbatia.

Malkia alifariki Machi mwaka uleule, akaja Mfalme James wa Kwanza. Mnamo tarehe 5 Novemba 1605 iligunduliwa njama ya kundi dogo la Wakatoliki waliokata tamaa, lililokuwa limejaza mapipa ya baruti chini ya jengo la Bunge. Lilikuwa kosa la jinai kubwa, na waliolitenda walistahili kuhukumiwa. Lakini Bunge halikutosheka na wahalifu. Mwaka 1606 lilitunga Kiapo cha Utii kwa Wakatoliki wote. Kiapo hicho hakikumtaka Mkatoliki aahidi tu kumtii Mfalme. Kilimtaka aape pia kwamba fundisho la kuwa wafalme waliotengwa na Papa waweza kuondolewa ni uzushi. Yaani serikali ya kidunia ilimwamuru raia aape juu ya jambo la teolojia.

Hapo ndipo ukatili wa viapo ulipodhihirika. Padri Robert Drury alikuwa mmoja wa wale 13. Alikuwa amekwisha kuuonyesha utii wake kwa maandishi. Hakuweza kuapa neno ambalo dhamiri yake haikulikubali. Alinyongwa Tyburn mwezi Februari 1607. Mwenzake katika lile tamko, Padri Roger Cadwallador, aliuawa Leominster mwaka 1610. Hawa hawakuwa watu wa baruti. Walikuwa wale waliotaka amani na Mfalme kuliko wote, na serikali ikawapeleka kwenye kitanzi kilekile cha wala njama. Dola isiyotofautisha mpinzani na mhalifu huwafundisha watu kwamba hakuna faida ya kuwa mpinzani mwema.

MFALME ALIPATA WAPI MAMLAKA?

Katika mabishano juu ya kiapo hicho ndipo fikra za Kikatoliki zilipotoa hoja iliyowatia wafalme homa. Mfalme James alifundisha kwamba wafalme wamewekwa na Mungu mwenyewe, na hawawajibiki kwa yeyote duniani. Kardinali Robert Bellarmine, na baada yake Mjesuiti Mhispania Francisco Suárez katika kitabu alichokichapisha mwaka 1613, walimpinga. Mamlaka, walisema, hutoka kwa Mungu, ndiyo. Lakini Mungu hakumpa mtu mmoja mkononi. Aliyaweka katika jamii nzima ya watu, na jamii ndiyo iliyomkabidhi mfalme kwa masharti. Mfalme akigeuka kuwa dhalimu wa kuwaangamiza watu wake, jamii haikosi haki ya kujilinda.

Kitabu cha Suárez kilichomwa moto London kwa amri ya James. Mwaka 1614 mahakama kuu ya Paris nayo ilikihukumu, na Ufaransa ilikuwa nchi ya mfalme Mkatoliki! Mnaona? Linapofika suala la nani aliyempa mtawala madaraka, wafalme wa dini zote husali katika kanisa moja. Baadaye Mwingereza Robert Filmer, katika kuutetea utawala wa wafalme, aliwashambulia Bellarmine na Suárez kwa majina. Na John Locke, Mprotestanti, alipomjibu Filmer kwa vitabu vilivyotoka mwaka 1689, alijikuta akiitetea hoja iliyo jirani sana na ile ya Wajesuiti. Tunaposema leo kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kama Katiba yetu ya mwaka 2010 inavyotamka, tunasema neno ambalo watu wengi walilibeba, wa dini zilizochukiana.

MKUKI KWA NGURUWE

Sasa tuifikie ile sababu ya pili. Ingekuwa rahisi kuimaliza makala hii hapa, Wakatoliki wakiwa malaika na Waprotestanti wakiwa mashetani. Tungekuwa tumewadanganya.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Thomas More, mwanasheria aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kuapa kwamba Mfalme Henry wa Nane ndiye mkuu wa Kanisa, alikufa akiitetea dhamiri yake. Lakini alipokuwa Chansela wa ufalme aliwasaka waliotofautiana na Kanisa lake, na baadhi yao walichomwa moto. Bellarmine aliyefundisha kwamba mfalme ana mipaka alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mahakama ya Roma iliyomhukumu Giordano Bruno, aliyechomwa mwaka 1600. Waprotestanti wa Ufaransa walipochinjwa kwa maelfu mwaka 1572, Papa Gregory wa Kumi na Tatu aliagiza ibada ya shukrani. Wakatoliki wa Uingereza waliomba uvumilivu London, lakini ni wachache mno miongoni mwa viongozi wao waliouombea Waprotestanti wa Hispania.

Na upande wa pili? Locke aliandika barua maarufu ya kutetea uvumilivu wa dini, lakini akawatoa nje wale ambao dini yao inawaweka chini ya mtawala wa nchi nyingine, maneno yaliyowagusa Wakatoliki, na akawatoa wasioamini Mungu. Sheria ya Uvumilivu ya mwaka 1689 iliwapa nafuu Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la serikali, ikawaacha Wakatoliki kizuizini. Kila mmoja alidai uhuru alipokuwa chini, na kuunyima alipokuwa juu. Huo si uhuru. Hiyo ni zamu.

ZAWADI SI HAKI

Lipo funzo jingine. Mwaka 1687 Mfalme James wa Pili, Mkatoliki, alitoa tangazo la kusimamisha sheria zote za kuwaadhibu watu kwa sababu ya ibada, wawe Wakatoliki au Waprotestanti waliojitenga. Tangazo lenyewe lilikuwa zuri. Lakini alilitoa peke yake, bila Bunge, kwa kudai kwamba mfalme aweza kuzilaza sheria apendavyo. Maaskofu saba wa Kanisa la Uingereza walipolipinga, aliwashtaki. Baraza la wazee wa mahakama likawaachilia Juni 1688. Kabla ya mwaka kwisha, James alikuwa amekimbia nchi, na uvumilivu wake ulikimbia naye. Wakatoliki wa Uingereza walingoja hadi mwaka 1829 ndipo walipofunguliwa milango ya Bunge, tena baada ya wapigakura wa Clare, Ireland, kumchagua Daniel O'Connell mwaka 1828 huku wakijua kwamba dini yake ilimzuia kukalia kiti hicho.

Uhuru uliotolewa na mkono wa mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Tuliambiwa hivyohivyo hapa petu: kwamba vyama vingi ni hisani ya mkubwa, tushukuru na kunyamaza. Tulikataa. Hatukuomba hisani. Tulidai sheria.

NA SISI JE?

Kanisa Katoliki lenyewe lilichukua muda mrefu. Mnamo tarehe 7 Desemba 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitangaza kwamba kila binadamu ana haki ya uhuru wa dini, wala hapaswi kulazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake. Na hapa Kenya, katika miaka ya 1980 na 1990, tuliona jambo ambalo Burghley na Allen wasingelisadiki: askofu Mwanglikana Henry Okullu na askofu Mkatoliki Ndingi Mwana a'Nzeki wakiukemea utawala uleule, kila mmoja mimbarini pake. Makanisa yaliyonyongana Tyburn yalikutana upande mmoja wa haki. Tunaisherehekea kumbukumbu hiyo.

Lakini tujiulize bila kuoneana haya. Mwaka 1992 serikali ilikataa kukisajili Chama cha Kiislamu cha Kenya, kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Ni wangapi kati yetu, tuliokuwa tukipaza sauti juu ya vyama vingi, tuliosimama tukasema kwamba Waislamu wa Pwani nao ni raia, na hoja yao ijibiwe kwenye kura wala si kwa rungu? Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, viongozi wengi wa makanisa, wakiwemo maaskofu Wakatoliki, waliwahimiza waumini waikatae Katiba, na mojawapo ya sababu zao ilikuwa Mahakama za Kadhi. Mahakama hizo zimo katika sheria zetu tangu Uhuru, na hazimgusi asiye Mwislamu. Walikuwa na haki kamili ya kupiga kampeni yao. Lakini mtoto wa watu waliotozwa pauni 20 kwa mwezi kwa sababu ya ibada alipaswa kusita kabla ya kumwonea jirani yake wivu wa kadhi wake.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu, nayo si ya kujadiliwa na msimu wa uchaguzi.

Kwanza, sheria imhukumu mtu kwa alichotenda, si kwa alichowaza wala kwa anakosali. Neno "kuwazia" liondolewe katika sheria yetu ya uhaini.

Pili, raia asilazimishwe kuapa kinyume cha dhamiri yake. Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda. Kisomwe mahakamani, na kisomwe pia ndani ya vyama vyetu, ambako viapo vya kumtii kiongozi vimeanza kuota mizizi.

Tatu, uhuru tunaoudai tukiwa upinzani tuwape wapinzani wetu siku tutakapokaa kitini. Tuwape hata wale tusiowapenda, hasa wale tusiowapenda. Mpanda ngazi hushuka, na anayeshuka huzikuta sheria alizoziacha chini zikimngoja.

Padri Drury alikuwa tayari kumpa Mfalme kila kilicho cha Mfalme. Alibakiza kitu kimoja tu, nacho Mfalme hakukihitaji ili atawale. Serikali itakayojifunza kukiacha kitu hicho mikononi mwa mwenyewe, ndiyo tutakayoiita ya wananchi. Iwe yao, au iwe yetu.